Maji ya Kongosho Yapite Wapi?

Desemba 17, 1966, madaktari William Kelly na Richard Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walimpandikizia figo na kipande cha kongosho mwanamke wa miaka 28 ambaye kisukari kilishaziharibu figo zake. Kwa siku sita hakuhitaji sindano ya insulini. Kisha kongosho lile, ambalo mfereji wake ulikuwa umefungwa kwa uzi, likavimba na kuvuja. Mwanamke huyo alifariki miezi michache baadaye.

Upasuaji huu bado unahangaika na tatizo lilelile. Mgonjwa wa kisukari anataka insulini tu, lakini kongosho haliji na insulini peke yake. Kila siku hutoa zaidi ya lita moja ya maji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula. Maji hayo yakimwagika tumboni huanza kumeng'enya nyama ya mwenye tumbo.

Figo ni afadhali. Mrija wake wa mkojo hushonwa kwenye kibofu, na ndani huwekwa kijirija laini cha kulinda mshono, kinachotolewa baada ya wiki kadhaa.

Katika miaka ya 1980, maji ya kongosho nayo yakaelekezwa kibofuni. Wazo hilo lilikuwa zuri: vimeng'enya vikipungua kwenye mkojo, daktari alijua mapema kwamba mwili umeanza kulikataa kongosho. Lakini wagonjwa wakateseka. Walikojoa damu, njia ya mkojo ikawaungua, wakaishiwa maji na bikaboneti hadi damu ikazidi kuwa na asidi. Wengi walipasuliwa tena ili mfereji uhamishiwe kwenye utumbo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, vituo vingi vikaanza na utumbo moja kwa moja. Hata huko mshono ukiachia, bakteria wa utumbo humwagika tumboni, na dawa za kushusha kinga, zinazotolewa ili mwili usilikatae kongosho, huweza kuficha homa na maumivu. Ndiyo maana daktari mzoefu hasubiri mgonjwa azidiwe: akiona mapigo ya moyo yanapanda bila sababu, hutaka picha ya tumbo siku hiyohiyo.

Adui mkubwa wa siku za mwanzo baada ya upasuaji, hata hivyo, ni damu kuganda. Figo mbili hupata takriban robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kongosho hupata kidogo sana. Tena linapotolewa kwa marehemu hutenganishwa na wengu, na mshipa uliokuwa ukirudisha damu ya wengu hubaki kama kichochoro kisicho na wapitaji. Damu hutuama humo na kufanya bonge. Dalili ya kwanza huweza kuwa sukari tu: jioni ilikuwa sawa, alfajiri imeruka juu. Hapo kipimo cha mtiririko wa damu hufanywa mara moja. Bonge dogo huweza kutibiwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lakini mshipa ukiziba wote, zimebaki saa chache tu za kufungua tumbo.

Mara nyingi kongosho hilo haliokoki. Kulitoa mapema ni uamuzi mchungu, nami nauona wa kishujaa, kwa sababu kongosho lililokufa likiachwa huoza na kumuua mtu. Likitolewa kwa wakati, mgonjwa hurudia sindano zake za insulini, lakini figo mpya iliyopandikizwa pamoja nalo huweza kuendelea kufanya kazi, na mashine ya kusafisha damu haimhusu tena.