ANAYEUGUZA NAYE ATUNZWE

Hakuna mkulima mwenye akili amfungaye maksai mmoja kwenye plau tangu asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku, bila kumpumzisha. Ajua ataanguka. Lakini mgonjwa akilala kitandani muda mrefu, katika nyumba nyingi kazi yote huachiwa mtu mmoja, na mara nyingi ni mke, binti au mke wa mwana.

Mfikirie mzee aliyepooza. Asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, asipate vidonda. Tena alishwe, aogeshwe, apewe dawa. Na ng'ombe wangoja kukamuliwa alfajiri, wala magugu hayangoji. Katika skimu shida huzidi, kwa maana tangu ugawaji wa eka milioni moja ulipoanza mwaka 1962, jamaa wengi walihamia mbali na ndugu zao.

Mzigo huo waweza kuleta ugonjwa wa huzuni, uitwao sonona. Kuchoka au kulia siku moja si ugonjwa. Lakini mtu akiwa na huzuni karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, akakosa usingizi na hamu ya chakula, asifurahie tena mambo aliyoyapenda, basi huenda amepatwa. Huu si uvivu, si wazimu, wala si kurogwa. Wanaume nao hupatwa, na wengi huuficha kwa hasira au pombe.

Njia za kuuzuia ni hizi:

1. Kaeni baraza ya nyumbani, mgawane kazi. Mmoja akamue, mwingine ateke maji, mwingine akeshe na mgonjwa. Wana wa kiume nao washike zamu.

2. Mwuguzaji apate usingizi. Aliyekesha leo, kesho alale.

3. Kila juma apate walau nusu siku ya kutoka: aende sokoni, kanisani, msikitini au kwenye chama chake. Asiache rafiki zake.

4. Ndugu walio mbali wasitume fedha tu. Waje kwa zamu, wakae siku chache.

5. Pombe isifanywe dawa ya huzuni. Huizidisha.

6. Mwulizeni mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023 Serikali imewagawia wahudumu hawa vifaa vya kupima presha na sukari. Akija kumpima mgonjwa, mwelezeni pia hali ya mwuguzaji.

Dalili zikionekana, mwende zahanati mapema. Ugonjwa huu hutibika kwa mazungumzo na mtu aliyefunzwa, na pengine kwa dawa. Dawa hizo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo asiziache upesi.

Mtu akisema afadhali kufa, msimkemee wala msimwache peke yake. Fungieni mbali dawa ya kuogeshea ng'ombe na za kunyunyizia mimea, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, mwulize yule anayemwuguza mgonjwa wenu: "Wewe je, u hali gani?" Kisha ngoja jibu lake. Akianguka yeye, mtakuwa na wagonjwa wawili, na shamba bila mtu.