Uzamili wa Taaluma ya Utendaji: Kweli au Uongo?

Shahada ya uzamili wa taaluma ya utendaji (performance studies) ikitajwa mbele ya wazazi, au hata mbele ya wahitimu wa fasihi na sanaa za maonyesho, madai hayakosekani. Baadhi yanawakatisha tamaa watu ambao wangefaa sana, na mengine yanawaingiza wengine kwenye gharama kubwa bila kujua wanachokwenda kusoma.

“Ni shahada ya kujifunza kuigiza.”

Uongo. Anayetaka kuigiza au kucheza ngoma atafute mafunzo ya vitendo. Chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, kipo kwa kazi hiyo. Hapa mwanafunzi anachunguza watu wanapotenda mbele ya wenzao: nani anatenda, nani anatazama, nani amezuiwa kushiriki, na kitu gani kinabadilika baadaye. Kusoma ni kwingi na kuandika ni kwingi.

Mwombaji ajue pia kwamba taaluma hii ina chimbuko zaidi ya moja. Chuo Kikuu cha New York, ambacho idara yake ilichukua jina hili mwaka 1980, kiliunganisha tamthilia na anthropolojia kupitia mwongozaji Richard Schechner na mwanaanthropolojia Victor Turner. Kule Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, ilitokea kwenye ufundishaji wa kuisoma fasihi kwa sauti mbele ya hadhira. Kwa hiyo soma maandishi ya walimu wa idara kabla ya kuiomba, maana jina moja linaweza kubeba masomo yasiyofanana.

“Kinachosomwa ni michezo ya jukwaani tu.”

Uongo, na hapa ndipo uzuri wa taaluma hii ulipo. Harusi, mazishi, gwaride, kikao cha mahakama, kampeni za uchaguzi, uwanja wa mpira: vyote vinachunguzika. Dwight Conquergood wa Northwestern alikwenda mwaka 1985 katika kambi ya Ban Vinai, Thailand, walikoishi wakimbizi wa Kihmong kutoka Laos. Wahudumu wa afya walitaka mbwa wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, lakini wenyeji hawakuwaleta. Conquergood na wasanii wa kambini waliandaa maandamano yenye ngoma, na ndani yake watu waliovaa kama chui mkubwa mwenye milia, kuku na pepo wa asili, wahusika ambao Wahmong waliwafahamu kutoka hadithi na imani zao. Baada ya hapo watu walileta mbwa wao kwa wingi. Alichokisisitiza ni kwamba wakimbizi walikuwa na maarifa yao tayari, na daktari asiyejua kuyasikiliza atapaza sauti bure. Kwangu, mfano huo unatosha kuihalalisha taaluma nzima.

Karibu nasi kuna beni, ngoma iliyozuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikiwa na sare, vyeo na gwaride, na kusambaa hadi Tanganyika na mashindano ya vyama vya Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Aliona katika ngoma hiyo jinsi watu walivyopokea ukoloni, wakaugeuza na kushindana wao kwa wao, mambo ambayo faili za mkuu wa wilaya zisingeyaeleza peke yake.

“Ni elimu ya Wamarekani, Afrika haimo.”

Uongo. Mawazo ya Turner kuhusu miviga yalikomaa miaka ya 1950 miongoni mwa Wandembu wa nchi ambayo leo ni Zambia, na mmoja wa walimu wake wakubwa alikuwa mganga aliyeitwa Muchona. Wanafunzi wengi humtaja Turner na kumsahau Muchona, na deni hilo litalipwa na watafiti wanaotoka huku.

Mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong’o naye alianza kufundisha New York mwaka 1992, kwenye fasihi linganishi na taaluma hii ya utendaji. Alikuja na kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kifuani: tamthilia ya Kigikuyu ya mwaka 1977 aliyoshiriki kuiandika, iliyochezwa na wanakijiji, ikapigwa marufuku, naye akafungwa gereza la Kamiti bila kushtakiwa. Mwaka 1997 aliandika kuhusu dola na msanii wanavyogombania nafasi ya kutendea. Tanzania nayo ina Penina Muhando Mlama, ambaye kitabu chake cha mwaka 1991 kinatokana na kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini.

“Mwaka mmoja unatosha.”

Kweli, katika programu ya New York kwa mfano. Lakini ada ya vyuo binafsi vya Marekani ni nzito, na ufadhili wa uzamili ni haba kuliko wa uzamivu. Anza na Fulbright kwa Marekani, au Chevening kwa programu za mwaka mmoja za Uingereza. Usikope kwa matumaini matupu.

“Haina ajira.”

Nusu kweli. Haikupi leseni kama udaktari au uhasibu, na ni matangazo machache ya kazi yatakayoitaja kwa jina. Hata hivyo makumbusho, matamasha, elimu ya afya na vyuo vinahitaji watu wa aina hii. Barbara Kirshenblatt-Gimblett, aliyewahi kuiongoza idara ya New York, ndiye aliyesimamia maonyesho makuu ya jumba la makumbusho la POLIN, Warsaw, yaliyofunguliwa mwaka 2014. Yeye alikuwa profesa mwenye uzoefu wa miaka mingi. Mhitimu mpya ataanzia chini zaidi.

“Lazima uwe msanii.”

Uongo. Muuguzi, mwanasheria au mwalimu anaweza kuomba, mradi ana swali linalomsumbua kweli. Barua ya maombi inayosema “napenda sanaa” haitofautiani na nyingine. Inayouliza kwa nini kigodoro, ngoma ya mitaani, kinaogopwa na viongozi wa mtaa, na wanawake wanaokicheza wanajua nini ambacho mkutano wa mtaa hauwapi nafasi ya kukisema, hiyo itasomwa hadi mwisho.