Mabaki ya mpingo yenye nyufa yapata soko la kalamu, lakini rezini haifuti kibali

Na Mwandishi Wetu

Mtengenezaji wa klarineti hanunui mpingo wenye ufa. Anataka kipande kinyoofu, cheusi chote, kisicho na fundo wala mstari mweupe, na mti huu hukua hivyo kwa nadra. Ndiyo maana magogo yanayopasuliwa Kilwa na sehemu nyingine za Lindi huacha marundo ya mabaki: vipande vilivyopasuka, vyenye mashimo ya wadudu, au nusu vyeusi nusu vyeupe. Mengine huchukuliwa na wachongaji, mengine huishia jikoni kama kuni.

Wapo wanunuzi, hasa Marekani na Ulaya, wanaoutaka ufa wenyewe. Hao ni wakereza kalamu. Ufa ukijazwa rezini ya rangi, tuseme ya bluu au ya dhahabu, kipande kilichokuwa cha kutupwa hupata sura ambayo haipatikani tena kwenye kipande kingine. Mfanyabiashara anayetaka kuingia humo ajue kwanza kazi inavyofanyika, maana mzigo hukataliwa kwa makosa yanayoanzia karakana.

Kipande cha kukereza kalamu huwa na upana wa milimita 20 hivi kila upande na urefu wa milimita 130. Mabaki husafishwa kwa brashi ya waya hadi gome na vumbi viishe, kisha hukaushwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mpingo hukauka polepole sana, na kipande kinachoonekana kikavu kwa nje huwa bado na maji ndani. Rezini ya poliyurethani ikikutana na maji hutoa gesi na kufura kama andazi. Dawa yake ni mizani: weka vipande kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi, vipime kila baada ya saa kadhaa, na usimimine chochote mpaka uzito uache kushuka. Vikipasuka zaidi humo ndani, hakuna hasara, kwani ufa ndio unaouzwa. Vipoe ndani ya mfuko uliofungwa, la sivyo hewa ya pwani itavirudishia unyevu.

Aina ya rezini nayo ina maana. Poliesta, ile ya mafundi wa faibaglasi, ni rahisi kupatikana, lakini mafuta yaliyomo kwenye mbao za jamii ya mpingo mara nyingi huizuia kuganda vizuri pale inapogusana na mbao. Ukikereza, inabanduka. Epoksi au poliyurethani hufaa zaidi, na bado ni vizuri kuzifuta mbao kwa asetoni kabla ya kumimina.

Rangi huchanganywa kwenye rezini, vipande hupangwa kwenye kalibu, rezini humiminwa, na kalibu nzima huingizwa kwenye tangi la presha, psi 40 hadi 60, hadi rezini igande. Presha hiyo huvibana viputo vya hewa hadi visionekane. Ni chini ya presha ya tairi la lori, lakini kifuniko kibovu kikiruka kinaweza kuua, kwa hiyo tangi la kubuni mtaani lisitumike.

Sasa tuje mpakani. Tangu Januari 2, 2017 mpingo umo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES pamoja na miti mingine ya jamii ya Dalbergia. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika na sehemu zake zililegezewa masharti, na tangu hapo utasikia watu wakisema mpingo umefunguliwa. Haujafunguliwa. Kipande kilichojazwa rezini bado ni malighafi ya mpingo, kinahitaji kibali cha CITES kabla hakijavuka, hata kama ni kutoka Tanzania kwenda Kenya kupitia Namanga. Cheti rahisi cha uasilia cha Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kinahusu ushuru tu. Hakichukui nafasi ya kibali. Nchi za Umoja wa Ulaya hudai pia kibali cha kuingiza. Na ukiandika "kuni" kwenye karatasi za mzigo wa vipande vya kalamu, umejitafutia kesi mwenyewe.

Kuna nafuu moja ambayo wachache wanaitumia. Bidhaa iliyokamilika, tayari kwa mnunuzi wa mwisho, imesamehewa kibali cha CITES iwapo mpingo uliomo kwenye shehena nzima hauzidi kilo 10. Vipande 1,000 vya kukereza vina uzito wa kilo 60 hivi, na wala si bidhaa iliyokamilika. Lakini kalamu moja iliyokwisha kukerezwa haibaki na hata gramu 10 za mbao, hivyo kalamu 1,000 zinaweza kuingia ndani ya msamaha huo. Kwa maoni yetu, mwenye mashine ya kukereza asiuze vipande, auze kalamu. Nchi inaweza kuwa na masharti makali zaidi yake yenyewe, kwa hiyo ulizia ofisi ya misitu kabla ya kufunga mzigo. Kwa upande wa Kenya mamlaka ya CITES ni KWS.

Kwa wasafirishaji, hatari iko kwenye madumu yanayokuja, zaidi ya mbao zinazoondoka. Rezini ya poliesta ni kimiminika kinachowaka, daraja la 3. Dawa yake ya kugandisha ni peroksaidi, daraja la 5.2, na za epoksi nyingi ni za daraja la 8, zinaunguza ngozi. Usipokee peroksaidi na kichocheo cha kobalti vikiwa vimefungwa kwenye boksi moja, kwani vikimwagikiana moja kwa moja vinaweza kulipuka. Madumu yakae kivulini, na dereva adai karatasi ya usalama ya kila dumu kabla hajaondoka.