Kuchagua Mji wa Kulea: Habari za Lewiston, Maine

Aghalabu mtu wa kwetu anayefika Marekani hachagui mji, bali huchaguliwa. Shirika la kupokea wakimbizi humweka lilikopata nyumba, au ndugu aliyetangulia humwita alipo yeye, na miaka hupita fikira za wazazi zikiwa zimezama katika kodi ya nyumba na mabasi ya alfajiri, hata siku watoto wanapoanza kurudi na tabia wasizozijua, ndipo baba na mama hukaa kitako wakaulizana kama hapa ndipo pa kulelea. Swali hilo ndilo lililowang'oa Wasomali wengi kutoka Clarkston, jirani ya Atlanta, mwanzoni mwa karne hii, na jawabu walilolipata, nalo ni mji wa Lewiston katika jimbo la Maine, linastahili kuelezwa kwa tafsili kwa kila familia ya wasemao Kiswahili inayofikiria kuhama, iwe asili yake ni Mombasa, Bukavu au Unguja.

Hawakuhama kwa pupa. Wazee walitanguliza wajumbe wakapeleleze miji: kodi ni kiasi gani, shule zina nafasi, vijana wanapita njiani usiku kwa salama, na wenyeji wana nyuso gani mbele ya mgeni. Wengi waliifikia kwanza Portland, bandari kubwa ya Maine. Lakini nyumba za huko zilikuwa zimekwisha kujaa, na kuanzia Februari 2001 familia zikaanza kushika njia ya Lewiston, yapata kilomita 60 kaskazini. Huko nyumba zilikuwapo, na sababu yake haikuwa ihsani ya mtu yeyote. Lewiston ulikuwa mji wa viwanda vya nguo kandokando ya mto Androscoggin, ambako tangu miaka ya 1850 mitambo ya kiwanda cha Bates ilisokota na kufuma pamba kwa maelfu ya mikono. Viwanda vilipodhoofika na kufungwa kimoja baada ya kimoja, watu wakaondoka, na wakazi waliokuwa karibu 41,800 mwaka 1970 wakapungua hata kufikia kiasi cha 35,700 mwaka 2000. Yakabaki majumba ya mbao ya ghorofa tatu na nne yaliyojengewa wafanyakazi, na madarasa yenye viti vitupu.

Katika jambo hili nina rai yangu. Usahili wa maisha unaotafutwa na wazazi hauko katika udogo wa mji peke yake, kwani iko miji midogo iliyo ghali na yenye kiburi kuliko New York. Uko katika mji ambao kodi yake hulipika bila ya baba kufanya kazi mbili na mama zamu ya usiku, ili mmoja wao awepo mlangoni saa watoto wanaporudi shuleni, na ambao shule, zahanati, duka na msikiti au kanisa hufikika kwa miguu. Mji uliopungukiwa na watu una haja ya watoto wetu kama sisi tulivyo na haja ya nyumba zake, na haja ya pande mbili ni msingi imara kuliko huruma ya upande mmoja.

Huenda msomaji akastaajabu kuambiwa atafute mchanganyiko wa watu katika Maine, jimbo lenye Wazungu wengi mno na lenye wazee kuliko yote Marekani. Hata hivyo Lewiston haukuwa mji wa kabila moja. Tangu reli ilipouunganisha na Québec katika miaka ya 1870, Wakatoliki wasemao Kifaransa walimiminika viwandani, wakasakini katika mtaa ulioitwa Little Canada, nao walionja uchungu wa ugeni: sheria ya mwaka 1919 ilikataza kufundisha kwa lugha yao katika shule za serikali, na katika miaka ya 1920 wabaguzi wa Ku Klux Klan wa Maine walifanya maandamano dhidi yao. Baada ya Wasomali wa kwanza wakaja Wabantu wa Somalia, waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, na miongoni mwao wamo wanaosema Kizigua hata leo, lugha ya mababu zao waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Mrima katika karne ya 19 wakakimbilia misitu ya mto Juba. Mtu wa Handeni, huko kwa Wazigua wa Tanzania, akikutana nao atasikia lugha ya nyumbani kwake. Kisha wakafuata Wakongo na Waangola, na kwa hao wanaojua Kifaransa imekuwa ajabu njema kumkuta mzee wa Kizungu anayetamani kuisema tena lugha aliyokatazwa utotoni.

Lakini wingi wa makabila haumwambii mzazi kama mwanawe atatendewa insafu, na kwa hiyo nasema mji upimwe kwa siku yake mbaya. Oktoba 2002 meya wa Lewiston aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya jamaa zao kuja, kwa madai kwamba mji umelemewa. Wazee walimjibu kwa barua, wakabaki. Kundi la wabaguzi kutoka nje likaona limepata mlango, likatangaza mkutano Januari 2003. Siku ile wabaguzi hawakufika hata mia, ilhali watu wapatao 4,000 walikusanyika katika chuo cha Bates kuwatetea majirani zao. Chuki haikwisha: mwaka 2006 kichwa cha nguruwe kilitupwa ndani ya msikiti wakati wa sala. Walakin mwaka 2015 timu ya kandanda ya sekondari ya Lewiston, wachezaji wake wengi wakiwa watoto wa wakimbizi, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, na mwaka 2019 Safiya Khalid, aliyefika Marekani akiwa mtoto, alichaguliwa diwani akiwa na umri wa miaka 23.

Wala hapana mji ulio nje ya balaa za nchi yake. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua watu 18 katika Lewiston hii hii, na anayeihamia kwa kudhani udogo wake ni kinga hana budi kulijua hilo.

Nyumba nazo si tele kama zamani, na kodi imepanda. Atakayekodi na aulize kwanza kama gharama ya kupasha joto imo ndani ya kodi, maana baridi ya huko hushika miezi mitano, na mafuta ya tanuri yanaweza kula akiba yote iliyotarajiwa kwa kuhama. Aulize pia juu ya rangi ya kuta. Majumba mengi ya katikati ya mji ni ya kabla ya 1978, mwaka rangi yenye madini ya risasi ilipopigwa marufuku majumbani, na vumbi lake humdhuru mtoto ubongo bila ya dalili ya wazi. Sheria ya Maine inaagiza damu ya kila mtoto ipimwe akiwa na mwaka mmoja na tena akiwa na miaka miwili. Mzazi aliyehama na mtoto wa umri huo asisubiri kuitwa, aende zahanati na kudai kipimo hicho, na mwenye nyumba aonyeshe kwa maandishi kama nyumba yake imekaguliwa kabla mkataba haujatiwa saini.