Kujifunza Kupiga Picha: Darasani au kwa Intaneti?



Wenzetu wengi viwandani na mashambani wanapenda kupiga picha siku ya mapumziko. Hawafanyi biashara, wanapiga picha za watoto, harusi, mpira na mikutano ya tawi. Sasa wanatuuliza: anayetaka kujifunza vizuri alipe ada ya darasa, au ajifunze kwa intaneti? Jambo hili si dogo, maana fedha yenyewe hutoka katika mshahara ule ule wa unga na karo.

Kwanza tuelewe kinachofundishwa. Kazi kubwa ya mpiga picha ni kupima mwanga, na mwanga hupimwa kwa mambo matatu: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, na wepesi wa kamera kuupokea, ambao huitwa ISO. Ukitoka 1/60 ya sekunde kwenda 1/125, mwanga hupungua nusu. Ukitoka f/4 kwenda f/5.6, hupungua nusu vile vile. Hii ni hesabu, haibadiliki hata akiieleza nani. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuilipia ada kubwa. Marc Levoy, aliyepata kufundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliweka masomo yake ya upigaji picha kwenye intaneti mwaka 2016 bila malipo, kwa lugha ya Kiingereza.

Tena somo la intaneti humngoja mtu wa zamu. Aliyetoka kazini alfajiri hulisoma jioni, na asipoelewa hulirudia. Lakini tusidanganyane kwamba ni bure kabisa: video hula bando, na bando ni fedha.

Pili, tuangalie kinachokosekana. Ukipiga picha kwa 1/15 ya sekunde huku viwiko vimeachana na mbavu, mkono utatikisika na picha itakuwa na ukungu. Mwalimu aliye karibu ataona viwiko vyako na kukusahihisha papo hapo. Video haikuoni. Hapo ndipo ada ya darasa inapopata maana.

Hata hivyo, si kila darasa lina faida hiyo. Darasa lenye watu wengi wanaonakili maneno ya ubaoni, bila picha ya mtu hata mmoja kutazamwa, halina tofauti na video. Na yapo mafunzo ya intaneti ambayo mwalimu hupokea picha za wanafunzi na kuwajibu mmoja mmoja. Basi swali la kujiuliza ni hili: nani atazitazama picha zangu na kuniambia ukweli?

Wafanyakazi wa Ujerumani walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1926 walianzisha chama chao cha wapiga picha na gazeti lao, Der Arbeiter-Fotograf. Gazeti liliwafikia kwa mbali, likieleza ufundi na kuchambua picha zao. Katika miji yao walikutana kwa vikundi, wakafundishana. Walitumia njia zote mbili, mpaka Wanazi walipotwaa serikali mwaka 1933 na kazi hiyo ikakomeshwa.

Kabla ya kulipa, ulizeni haya:

1. Ni saa ngapi tutakuwa na kamera mkononi?
2. Je, picha zetu zitasahihishwa, na nani?
3. Simu ya mkononi inatosha, au lazima tununue kamera?
4. Zamu ikibadilika, tutafidiwa kipindi tulichokosa?
5. Je, ada inalipia mafunzo au cheti? Anayepiga picha kwa kujifurahisha hahitaji cheti.

Ushauri wetu ni huu. Anzeni na hesabu ya mwanga kwa intaneti. Mmoja apakue somo, wenzake walitazame kwa simu hiyo hiyo. Kisha watu watano au sita wakutane kila Jumapili, kila mmoja alete picha tatu zisemwe bila kuoneana haya. Baada ya miezi miwili mtajua mnachoshindwa. Hapo changeni, mkamlipe fundi picha wa mjini kwa siku moja, awasahihishe hayo tu. Fedha itakuwa imenunua kile ambacho simu haiwezi kuwapa.