Pawatila inapokataa kuwaka Uyole

Je, wajua kwamba injini ya pawatila, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, haina plagi hata moja? Haina koili, na nyingi hazina hata betri. Mtu anapiga hendeli kwa nguvu ya bega lake, na moto unazaliwa ndani ya silinda kwa sababu ya hewa iliyobanwa tu. Kwa hiyo Julai, Uyole ya Mbeya ikiamka na nyuzi joto 8 au chini ya hapo, mashine iliyolima jana mpaka jioni inaweza kukataa kuwaka leo, na vijana wakapokezana hendeli hadi jasho liwatoke kwenye baridi ile ile.

Pawatila zilikuwa zimeanza kujulikana mapema katika mashamba ya mpunga ya Usangu, lakini zilisambaa kwa kasi baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Nyingi zinabeba injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, ya ukoo wa S195 kutoka China. Jina lenyewe linaeleza mashine: 1 ni idadi ya silinda, 95 ni kipenyo chake kwa milimita. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 815, na nguvu yake ni farasi 12. Ni injini ya kazi, na naiheshimu sana, kwa sababu mkulima mwenye spana chache anaweza kuielewa yote.

Kanuni yake ni ile ya Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyefanikisha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897. Hewa ikibanwa ghafla inapata joto. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli ameshika kitako cha pampu akakikuta cha moto. Ndani ya S195 hewa hubanwa hadi ibaki kama sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake. Kwa hesabu ya darasani, joto lake lingevuka nyuzi 500. Dizeli inahitaji nyuzi kati ya 200 na 260 hivi ili iwake yenyewe. Basi kwa nini injini inakataa?

Kwa sababu hesabu ya darasani haina chuma baridi. Hendeli inazunguka polepole, na katika muda huo kuta za silinda zinanyonya joto kutoka kwenye hewa. Hewa nyingine inavuja pembeni mwa ringi za pistoni. Tena, kila nyuzi moja inayopungua mlangoni inapunguza zaidi ya mbili mwisho wa mbano. Teremsha pawatila hiyo hiyo kwa barabara ya Tanzam, pita Inyala, ifikishe Igurusi saa sita mchana kwenye nyuzi 28: imeshajiongezea zaidi ya nyuzi 40 bila fundi kugusa kitu.

Wapo wanaolaumu mwinuko. Kweli Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa pale ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar es Salaam. Hilo linapunguza nguvu ya injini shambani, na linachelewesha kidogo dizeli kushika moto. Lakini joto la mbano linategemea zaidi hewa imebanwa mara ngapi na ilikuwa na joto gani ilipoingia. Mwinuko una sehemu yake ndogo. Baridi ina kubwa zaidi.

Hata hivyo, kabla ya kuihukumu baridi, sikiliza. Ukipiga hendeli huku umeinua mkono wa kulegeza mbano, nozeli nzima inatoa mlio mfupi mkavu kila inaponyunyiza. Mlio ukikosekana, dizeli haifiki. Tazama pia bomba la moshi: likiwa halitoi chochote, tatizo liko upande wa mafuta, likitoa moshi mweupe unaochoma macho, dizeli inafika ila haiungui, na hapo ndipo pa kushuku joto na mbano. Dakika mbili za kusikiliza na kutazama zinaokoa nusu siku ya kufungua bolti zisizohusika.

Upande wa mafuta, adui wa kwanza ni hewa ndani ya mirija. Pampu inapaswa kusukuma dizeli kwa zaidi ya mara 100 ya kanieneo ya hewa ndipo nozeli ifunguke. Dizeli haikubali kubanwa, hivyo msukumo unafika. Hewa inakubali, inajikunja na kujikunjua, na nozeli inabaki imefunga. Tangi likiisha hadi chini, hewa hiyo huingia. Legeza nati kwenye filta mpaka mapovu yaishe, kaza. Fanya hivyo mahali mrija unapoingia kwenye pampu. Malizia kwenye mrija wa nozeli. Kidole kisikae mbele ya nozeli kamwe, maana mnyunyizo ule unatoboa ngozi. Adui wa pili ni maji na uchafu wa madumu. Dizeli ya dumu iache itulie usiku kucha, kisha mimina bila kuitikisa na uache ya chini.

Mafuta yakiwa sawa, pima mbano. Zungusha hendeli taratibu bila kulegeza: injini nzima inagoma, kama imekutana na ukuta. Ikipita kilaini, mbano umekwenda. Mafundi wana kipimo kizuri hapa: kijiko kimoja, kisizidi, cha oili safi kupitia njia ya hewa, kisha zungusha tena. Ugumu ukirudi, ringi na silinda zimelika, maana oili imeziba mwanya kwa muda. Usiporudi, angalia valvu na gasketi ya silinda hedi.

Na hapa Uyole ina jambo lake. Udongo wa eneo hili umetokana na majivu na mawe mepesi yaliyorushwa na volkano za ukanda wa Rungwe, ambako Ngozi ililipuka kwa nguvu maelfu ya miaka iliyopita. Udongo huo ndio unaopendwa na viazi. Lakini majivu ya volkano yana chembe za kioo zenye ncha. Kiangazi kikikausha mashamba, vumbi hilo linapanda na kuvutwa na injini. Filta ya hewa ikipuuzwa, kioo kile kinasaga silinda na ringi siku baada ya siku. Mchana wa joto injini iliyolika bado inawaka, kwa kuwa ina akiba ya nyuzi. Asubuhi ya Julai akiba hiyo imeisha. Baridi inalaumiwa kwa uharibifu ambao vumbi liliufanya tangu msimu uliopita.

Kwa leo asubuhi, maji ya moto ndiyo msaada bora: yamimine kidogo kidogo kwenye tangi la kupozea, yapashe kuta za silinda. Oili nzito ya SAE 40 pia inaifanya hendeli kuwa nzito. 15W-40 huzunguka kwa wepesi zaidi kwenye baridi. Nakataa kabisa kitambaa chenye moto mdomoni mwa njia ya hewa, na petroli hapo ni mbaya zaidi, kwani huwaka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja pistoni au kurudisha hendeli mkononi mwa mtu.

Kwa msimu ujao, kazi iko kwenye bakuli la oili chini ya filta ya hewa. Wakati wa vumbi lifungue kila siku ya kulima. Oili ikiwa imegeuka tope, imwage, osha wavu kwa dizeli, ukaushe, weka oili mpya hadi kwenye alama, kisha kagua mpira unaounganisha filta na injini, kwa sababu ufa mdogo pale hupitisha vumbi lote bila kupita kwenye filta.