Mwalimu wa Jografia Aliyelea Mabingwa wa Mbio

Ilikuwa usiku wa Alhamisi, tarehe 9 Agosti 2012, na Ramadhani ilikuwa imefika kumi la mwisho. Tulikuwa tumetoka tarawehe hapa Kombani tukaketi kwa muuza kahawa, karibu na njia panda ya kuelekea Kwale, ambako palikuwa na televisheni moja ndogo. Ilipotimu saa nne David Rudisha alishika mbele, wala hakuiachia nafasi hiyo hata mwisho. Akamaliza mita 800 za Olimpiki ya London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Kelele zetu zilisikika ng'ambo ya barabara. Zilipotulia, mzee mmoja akauliza, "Na kijana huyu kafunzwa na nani?"

Mimi nilijua jibu, lakini nilinyamaza. Sababu yake nitaieleza.

Aliyemfunza ni Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ayalandi. Alifika Iten, kule juu Bonde la Ufa, mwaka 1976, kufundisha jografia katika shule ya wavulana ya St Patrick's. Riadha hakuisomea, wala hakuwa mkimbiaji. Aliyekuwa akiwafunza vijana mbio hapo shuleni ni Mwingereza Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata nishani ya shaba katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo. Foster hakukaa sana. Alipoondoka, kazi ikamwangukia yule mwalimu wa jografia.

Angefanya nini mtu asiyejua? Alitazama. Alisimama kando ya uwanja akaangalia vijana wanavyokanyaga, wanavyobeba mabega, nani anachoka na nani anaficha nguvu. Na lililomtatiza akawauliza wao wenyewe.

Huenda msomaji akasema kwamba kule hewa ni nyembamba, Iten iko kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari, hata jiwe lingekimbia. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini milima hiyo ilikuwapo kabla ya 1976, na shule si moja huko.

Waliopita shuleni pale ni watu wa kutajika. Ibrahim Hussein alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, na mwaka uliofuata akashinda ya Boston kwa kumtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania sekunde moja tu. Jina lake lilitudanganya wengi wetu huku pwani; twalidhani ni mtu wa Likoni, kumbe ni Mnandi wa Kapsabet! Mwaka huo huo wa 1988 Peter Rono alinyakua dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul, naye alikuwa akisoma Marekani katika chuo kidogo cha Mount St. Mary's. Wilson Kipketer, aliyekuja kuiwakilisha Denmark, aliweka rekodi ya mita 800 mwaka 1997. Aliyeivunja mwaka 2010 ni huyu Rudisha, ambaye alianza na mita 400 mpaka Bruda alipomshauri ajaribu 800.

Mwaka 1989 alianzisha kambi za mazoezi wakati wa likizo, na wasichana nao wakapata mlango. Baadaye Janeth Jepkosgei, aliyefunzwa naye, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka, mwaka 2007.

Wamarekani nao, katika ule mpira wao wa kubebwa mikononi na kuvaliwa kofia ngumu, walikuwa na John Gagliardi. Alifundisha chuo kidogo cha Saint John's, Minnesota, tangu 1953 hadi 2012, misimu 60. Mazoezini hakutaka filimbi wala wachezaji kuangushana, na katika maisha yake ya ukocha alishinda mechi 489. Yeye na Bruda hawafanani mchezo wala nchi, ila wote wawili walikaa pale pale.

Na hapo ndipo penye haya yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 nilikuwa mwalimu wa shule moja ya msingi upande huu. Palikuwa na msichana wa darasa la saba aliyekuja shule mbio, miguu mitupu. Nilimpima kwa saa ya mkononi, nikampima tena, kwani sikuyaamini macho yangu. Nikamfunza mihula miwili. Kisha nikaomba uhamisho wa kwenda Mombasa, kwa ajili ya umeme na marafiki, hakuna aliyenifukuza. Miaka minne baadaye nilikuja huku kwa Idi, nikamkuta sokoni akiuza mihogo, mtoto mgongoni. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanipunguzia bei.

Hivi sasa yuko hapa mwalimu kijana anayewafunza wasichana mbio baada ya sala ya Alasiri. Naye amekwisha kuandika barua ya uhamisho, ila hajaipeleka. Alipokuja kuniomba shauri nilimhadithia habari za Bruda, na za mihogo pia. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kama ninayo saa ya kupimia mbio, nikampa. Jumamosi hii wanakimbia kutoka Kombani hadi Waa, asubuhi, jua halijawa kali.